Maonyesho ya malori ya Louisville: mambo ya kujua kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila mwaka mwishoni mwa Machi, mji wa Louisville katika jimbo la Kentucky, Marekani, hujaa malori. Hayo ndiyo maonyesho yaitwayo Mid-America Trucking Show, au MATS kwa kifupi, yaliyoanza 1972 na ambayo hufanyika kila mwaka, ukiondoa 2020 na 2021 yalipofutwa kwa sababu ya Korona. Huchukua siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Mimi nilihudhuria mara ya kwanza Machi 2025, nikiwa mgeni wa binamu yangu ambaye ni dereva wa masafa marefu huko, na tangu nirudi Mombasa maswali hayajaisha. Wenye malori wa Changamwe wananiuliza bei. Madereva wananiuliza habari za kazi. Vijana wa mtaani wananiuliza visa. Basi nimeona niyaweke yote mahali pamoja, ili anayefikiria kwenda ajue anakokwenda, na asiyeweza kwenda ajue kipi cha kutamani na kipi cha kuachana nacho.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba maonyesho ya malori hayafanani. Yale ya Hannover, Ujerumani, yaitwayo IAA Transportation, hufanyika Septemba kila baada ya miaka miwili, na ni ya viwanda: makampuni makubwa huja kutambulisha magari mapya, na wanunuzi wao ni makampuni mengine makubwa. Automechanika ya Dubai, ambayo wafanyabiashara wetu wa spea hapa Pwani wanaijua vizuri, ni soko la vipuri. Louisville mgeni mkuu ni dereva mwenyewe. Marekani kuna madereva wengi wanaomiliki lori wanaloliendesha, mtu na lori lake moja, na ndiye anayechagua tairi, oili, kiti na hata rangi. Kwa hiyo muuzaji wa viti huko anamwita dereva: njoo ukae, ujaribu, mgongo unasemaje? Hapa kwetu anayenunua lori na anayelikalia ni watu wawili, na mara nyingi hawajawahi kuzungumza habari ya mgongo. Ukilishika hilo, mengi utakayoyaona Louisville hayatakushangaza.

Mahali penyewe panaitwa Kentucky Exposition Center, majengo yenye zaidi ya futi za mraba milioni 1 chini ya paa, yaliyogawanywa katika kumbi kadhaa, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Uwanja huo tangu 2019 unaitwa kwa jina la Muhammad Ali, aliyezaliwa katika mji huo 1942 na akazikwa huko huko 2016. Sisi tuliolelewa na wazee waliosimulia pambano la Kinshasa la 1974 kana kwamba walikaa safu ya mbele, kulikuta jina lile pale kunampa msafiri utulivu fulani. Utasikia Kiswahili pia. Wakongomani wengi wakimbizi wamepewa makazi Kentucky, na Kiswahili chao ni kile cha Bukavu na Goma, ambako makontena ya Kilindini huishia. Niliposema natoka Mombasa, mzee mmoja aliniambia kwamba jina hilo alilijua kwa kulisoma kwenye milango ya malori kabla hajaliona kwenye ramani.

Vaa viatu vya kutembelea. Nasema hivi kwa sababu niliwaona watu na suti zao na viatu vya ngozi, na kufikia alasiri walikuwa wameketi sakafuni. Jiandikishe mapema kwenye tovuti ya maonyesho, na ukipewa ramani ya kumbi amua ukumbi mmoja asubuhi na mmoja jioni. Anayetaka kuona kila kitu kwa siku moja ataona mabango tu. Machi kule kuna baridi na mvua, si baridi ya Limuru, chukua koti. Wanaokuja na malori yao huegesha uwanjani na kuletwa kwa basi. Hoteli za karibu hujaa mapema na bei hupanda, kwa hivyo kama huna binamu, tafuta chumba miezi kabla.

Kwa Waislamu neno moja. Mwaka niliokwenda, Alhamisi ya kufungua ilikuwa tarehe 27 Machi, na kwa hesabu ya wenzetu wa kule ilikuwa 27 Ramadhani. Jua la Louisville wakati huo huzama kama saa mbili usiku, si saa kumi na mbili na nusu kama tulivyozoea. Kutembea kumbi zile mchana kutwa, na nje wanachoma nyama, ni mtihani wa aina yake, na ruhusa ya msafiri ipo kwa anayeihitaji. Adhuhuri na alasiri niliziswali uwanja wa kuegesha, ubavuni mwa lori la binamu, kwa kukusanya na kupunguza. Mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo kuanzia 2026 Ramadhani imeshayapita maonyesho haya, na itachukua miaka mingi kukutana nayo tena.

Anza nje. Huko ndiko kuna mashindano ya urembo wa malori, yaliyopewa jina la mwanzilishi wa maonyesho, Paul K. Young. Safu kwa safu za Peterbilt na Kenworth za pua ndefu, nikeli inang'aa hadi unajitengenezea kilemba kwa kujitazama. Utamkuta mwenye lori amelala chini ya chesi akipangusa boliti kwa kitambaa. Mashindano yana makundi, na kuna kundi la malori yanayofanya kazi kweli kweli, yaliyokuja na kilomita zake na vumbi likasafishwa. Mtu wa Mombasa asicheke. Sisi wenyewe tuna matatu zilizochorwa kuliko nyumba, na misemo nyuma ya malori ambayo mtu huisoma kutoka Miritini hadi Mariakani akiwa kwenye foleni.

Wengi huniuliza kwa nini malori ya Marekani yana pua na haya yetu yana uso bapa. Sababu ni sheria. Ulaya hupima urefu wa gari zima, kichwa na trela pamoja, kwa hiyo kila futi unayoipa boneti unaiondoa kwenye mzigo, na ndiyo maana dereva akawekwa juu ya injini. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1982 iliondoa ukomo wa urefu wa jumla kwenye barabara zake kuu na kubaki na ukomo wa trela. Tangu hapo hakuna hasara kuweka injini mbele na kumpa dereva kitanda kikubwa nyuma. Malori ya kwetu yamefuata njia ya Ulaya, Japani na China.

Hapo ndipo mwenye pesa kidogo huanza kuota kuleta moja nyumbani. Aache. Usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS pia kinakataa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Kisha kuna uzito. Lori la kawaida la Marekani hairuhusiwi kupita ratili 80,000 kwa jumla, yaani kama tani 36, kwa ekseli tano. Huku Afrika Mashariki sheria ya jumuiya inaruhusu hadi tani 56 kwa ekseli saba. Springi, ekseli na breki zilizopimwa kwa mzigo wa kule hazikutengenezewa mzigo wetu, wala miinuko ya kupanda kutoka Mariakani, wala matuta.

Kwa vipuri na vifaa ndiko kuna la kununua, lakini kwa tahadhari. Swali la kwanza kumuuliza muuzaji yeyote Louisville ni la umeme. Malori ya Marekani hutumia volti 12, na haya yetu makubwa, Actros, Scania, Howo, Isuzu, ni volti 24. Taa, kamera, friji ya kabini, kifaa cha kupima upepo wa tairi, vyote vinavutia pale mezani na vinaweza kuungua siku ya kwanza Jomvu. Viungio vya mipira ya breki za upepo navyo vina vipimo tofauti. La pili ni dizeli. Dizeli ya Marekani ina salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, nasi Afrika Mashariki tangu 2015 tumekuwa na kiwango cha 50, na mitambo mipya ya kusafisha moshi inataka mafuta safi. Muuzaji akikwambia kifaa chake kinafanya kazi popote duniani, muulize kama amewahi kukiuza mahali ambapo mafuta hununuliwa kwa jerikeni. La tatu ni wakala: kama hakuna mtu Mombasa, Nairobi au angalau Dubai anayeshughulikia dhamana, dhamana ni karatasi.

Vitu nilivyoona vinafaa kabisa ni vile visivyo na umeme wala mafuta ndani yake. Viti. Magodoro ya kabini. Vipimo vya upepo wa tairi vya mkono. Na hesabu: kulikuwa na watu wanaomfundisha dereva kuandika gharama yake kwa kila maili, mafuta, tairi, bima, marekebisho, na pesa ya kuweka kando kwa ajili ya injini itakayokufa. Nina jamaa hapa waliochanga pesa za familia, wakanunua kichwa na trela, na mpaka leo hawajui kama safari ya Kampala inawaletea faida au inakula mtaji. Somo lile la saa moja lingewafaa kuliko nikeli zote za nje.

Sasa nije kwenye kile ambacho kwa maoni yangu ndicho cha kwenda kukiona. Ndani ya kumbi kuna vyumba vya mikutano, na mada iliyojaza watu kuliko zote nilizohudhuria ilikuwa saa za kazi. Sheria ya huko inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 tu, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Akiendesha saa 8 lazima asimame angalau dakika 30. Tangu Desemba 2017 malori mengi yanalazimika kuwa na kifaa cha elektroniki kinachounganishwa na injini na kuhesabu saa hizo chenyewe, bila kudanganywa kwa kalamu. Madereva wanakilalamikia kifaa hicho kama vile sisi tunavyolalamikia mizani. Wanasema saa inakwisha ukiwa katikati ya barabara na hakuna pa kuegesha.

Na malalamiko hayo si ya bure. Mwaka 2009 dereva aitwaye Jason Rivenburg alifika karibu na mahali pa kushusha mzigo huko South Carolina mapema mno, akaambiwa hawezi kungojea ndani, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa. Aliuawa humo akiwa amelala, na pesa alizoibiwa zilikuwa dola 7. Mkewe alipigania jambo hilo hadi mwaka 2012 bunge likapitisha sheria iliyopewa jina la mumewe, ya kutoa fedha za maegesho ya malori na kuyahesabu jimbo kwa jimbo. Maegesho bado hayatoshi. Lakini idara inayosimamia usalama wa malori, FMCSA, zaidi ya mara moja imekuja Louisville kwenye maonyesho haya haya kuwasikiliza madereva kwa mikutano rasmi, na dereva husimama na kofia yake kichwani akamwambia ofisa usoni kwamba kanuni yake haifai.

Nikiwa nimekaa pale nilimfikiria mpwa wangu anayekwenda Kampala. Kutoka bandarini hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Sheria yetu ya Trafiki, tangu marekebisho ya 2012, inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwenye karatasi sheria yetu ni kali kuliko ya Marekani. Ni nani anayezihesabu hizo saa 8? Lori la mpwa wangu lina traki, na tajiri wake huitazama kwenye simu. Lori likisimama Mtito Andei zaidi ya nusu saa, simu inalia: umesimama kwa nini? Kifaa kile kile ambacho Marekani kimewekwa ili dereva alale, huku kimewekwa ili asilale. Sisemi tajiri ni mtu mbaya. Ana mkopo, ana meli iliyochelewa, ana wezi wa mafuta, ana mteja anayepiga simu kutoka Kampala, na siku za kurudisha kontena tupu zinahesabiwa. Lakini mwisho wa mnyororo huo wote yuko kijana mmoja na miraa shavuni saa tisa usiku pale Salama, na mbele yake kuna basi limejaa watu wetu wanaorudi kutoka Nairobi.

Dereva wetu hulala wapi? Maungu, Mtito Andei, Emali, Mlolongo, kandokando ya barabara, utingo akikesha asiibiwe mafuta na tairi. Wenye imani husimama msikiti wa Mackinnon Road, wakaswali na kupumua. Nimewahi kusikia watu wakisema madereva wetu wamezoea. Hakuna mwili uliozoea kutolala.

Afya nayo ina sehemu yake kwenye maonyesho. Kuna meza dereva anapimwa presha bila malipo, anaulizwa analala vipi, anakula nini. Niliona majitu ya futi sita yamenyoosha mkono kwa unyenyekevu kabisa mbele ya nesi. Kule dereva wa lori kubwa hawezi kufanya kazi bila cheti cha daktari, na cheti hicho hakizidi miaka miwili. Ugonjwa wa sukari zamani ulimkatia mtu riziki akianza kuchoma insulini. Tangu 2018 kanuni ilibadilishwa, na mwenye sukari inayodhibitiwa anaweza kupitishwa na daktari bila kuomba msamaha maalumu wa serikali. Sisi watu wa Pwani, ambao presha na sukari viko karibu kila nyumba, tungefaa kulifuatilia hilo. Barabara yetu ina kliniki za madereva, kama ile ya Mlolongo, zilizoanza kwa ajili ya ukimwi na sasa zinapima mengi zaidi. Tatizo ni kwamba kliniki hufunguliwa wakati dereva yuko barabarani, naye hawezi kusimama, kwa sababu traki inamtazama.

Kuhusu kazi, niwaeleze vijana wazi. Ni kweli makampuni huweka meza Louisville kutafuta madereva. Swali lao la kwanza ni leseni ya Marekani ya magari makubwa, na la pili ni haki ya kufanya kazi nchini humo. Visa ya matembezi au biashara, ambayo ndiyo utakayoombea maonyesho na ada yake ni dola 185 zisizorudishwa, haikupi haki hiyo. Na mlango umebanwa zaidi tangu nirudi: Aprili 2025 ilitoka amri ya rais ya kukaza sharti la Kiingereza kwa madereva wa malori, na Agosti 21 mwaka huo huo waziri wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kusimamisha visa za kazi kwa madereva wa malori. Kwa hiyo yeyote anayekaa ofisini hapa mjini na kukudai amana ya laki mbili au tatu akupeleke Marekani uendeshe lori, muulize visa gani, na umtake aandike jina la visa hiyo kwenye risiti. Mama zetu wameuza viwanja kwa ahadi kama hizo.

Binamu yangu hakufika huko kwa wakala. Alipata makaratasi kwanza, akafanya kazi ghalani miaka kadhaa, kisha akasomea leseni. Analipwa kwa maili, na akikaa kwenye foleni ya kupakia mara nyingi halipwi. Nyumbani yuko siku mbili kwa wiki mbili. Pesa ni nzuri ukiibadilisha kwa shilingi, na si nzuri sana ukiitumia huko huko.

Kama una biashara ya malori na nauli unayo, nenda, na upange mazungumzo ya kibiashara Alhamisi na Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi familia huja na watoto na wauzaji hawana muda nawe. Kama nauli ni ya kubana, Dubai iko karibu, vifaa vyake ni vya volti 24, na lugha ya kupatana bei mnaijua.

Mimi tangu nirudi nina wazo moja ninalolisema kila ninapopata kiti. Uwanja wa maonyesho wa ASK kule Mkomani hukaa kimya miezi mingi ya mwaka. Siku moja tu ya madereva wa masafa marefu, pawe na nesi wa presha, fundi wa breki, mtu wa NTSA wa kuulizwa maswali, na mtu wa kufundisha hesabu ya safari. Nimewaeleza wenye malori watatu wa Mombasa ninaowafahamu. Wawili walicheka. Wa tatu alifikiri kwa muda, akaniuliza: madereva wote wakija Mkomani, malori atabaki nayo nani?